Swali la Kumi na Nne

Ofisi yangu ya takwimu mjini Tórshavn
ilinituma kaskazini na fomu, hadi kijiji
cha watu kumi na wanane na kondoo wasio na idadi,
ambako ukungu hushuka mlimani kabla kahawa haijaiva
na mapaa ya nyumba huota nyasi.

Swali la kumi na nne: *Kwa kipimo cha moja hadi kumi,
una furaha kiasi gani?*

Sunnuva hakulijibu upesi.
Alikuwa akimkata kucha mumewe, Hanus,
ambaye mwaka wa tatu sasa humwita kwa jina la dada yake marehemu,
naye huitika.
"Unauliza raha," akasema, "au furaha?
Maana raha naijua: ni miguu yangu ndani ya maji moto
Jumamosi usiku, Hanus akishalala.
Hiyo iandikie tisa.
Hudumu hadi maji yapoe."

Akatazama saa, akavua aproni.
Mchungaji huja mara moja kwa wiki sita,
bahari ikimruhusu. Jumapili nyingine zote
mwanakijiji husoma mahubiri kitabuni,
na zamu hiyo, tangu Hanus azisahau herufi, ni ya mkewe.
"Twende," akaniambia. "Lete na karatasi zako."

Tulipitia kwanza kwa Bárður.
Wana ugomvi wa ukuta wa mawe
ambao kondoo dume wa Bárður, na baba yake kondoo huyo,
hawajauheshimu kwa miaka kumi na mmoja.
Bárður akafungua mlango, mguu mmoja una soksi.
"Nimekuja kukusamehe," Sunnuva akamwambia,
"na hasira ninayo bado, kwa hiyo usinicheleweshe."
"Nami nimekusamehe," akajibu, "ingawa ukuta ni wangu."
Akaipata soksi ya pili chini ya kiti, akafuatana nasi.

Kanisa ni la mbao tupu, hazijawahi kuona rangi.
Ndani, harufu ya utomvu na ya sufu iliyolowa.
Tulikuwa saba. Wanane, ukimhesabu Hanus,
na mle ndani walimhesabu.
Waliimba bila kinanda, polepole,
kila mtu na mwendo wake, huyu akitangulia,
yule akingojewa mwishoni mwa mstari
kama watu wanaopanda mlima pamoja na mgonjwa.

Kisha Sunnuva akasoma. Hasomi vizuri:
humeza miisho ya sentensi, hupotewa na mstari.
Alipofika pale ambapo neno *heri*
limeketishwa benchi moja na wanaolia,
alinyamaza, akanyamaza sana,
nami nikalifikiria neno hilo,
lilelile tunalompa mtu mlangoni anapotuacha.

Ndipo Hanus akauliza kwa sauti kubwa:
"Nani huyo anayesoma vibaya hivi?"
Bárður ndiye aliyeanza kucheka.
Sunnuva akacheka hadi akaishika meza.
"Ni dada yako," akamjibu, akafuta macho,
akautafuta mstari kwa kidole, akaendelea.

Njiani nilimuuliza tena. Kazi ni kazi.
"Mwaka kijana wetu alipooa," akasema,
"ningekuandikia kumi, na Jumapili yake nilikuja hapa.
Mwaka Hanus aliponiuliza mimi ni nani
ningekuandikia sifuri, na Jumapili yake nilikuja hapa.
Sasa hicho kilichokuwa kikinisubiri ndani siku zote mbili,
wala hakikupanda, wala hakikushuka,
fomu yako inakiitaje?"
Nikageuza karatasi, kama mjinga,
kutazama upande wa pili.

Mjini, kompyuta iliikataa.
Swali la kumi na nne halina tarakimu, likasema tangazo jekundu.
Rannvá, msimamizi wangu, aliuliza kama nilisahau.
Nikamwambia mhojiwa alikuwa na shughuli.

Ninayo bado, ina duara la kikombe cha kahawa pembeni.
Mimi si mtu wa kanisa, sijasema hivyo.
Ila Jumapili, saa tano kasoro asubuhi,
najikuta natazama saa:
sasa anavua aproni.
Sasa Bárður yuko chini ya kiti, anatafuta soksi.